Pacha wa Kinda

Mimi na kaka yangu tulizaliwa asubuhi moja, yeye akitangulia kwa muda ule tu wa mkunga kuvuta pumzi na kugundua kwamba kuna mwingine. Leo mimi nina miaka ishirini na miwili na yeye ana kumi na minane. Anayetaka kujua imekuwaje akamuulize mjomba, ambaye atamjibu kwa uso mkavu kabisa, maana mjomba hajawahi kuona haya tangu aanze kutembea.

Mjomba ni mdogo wake mama, kitinda mimba wao. Alikuwa anauza simu zilizotumika, kwenye kibanda kisichozidi kabati, mpaka siku alipoamka akajitangaza kuwa meneja wa wachezaji. Mchezaji mwenyewe alikuwa mmoja, kaka yangu, na hata huyo alikuwa ameshakataliwa na klabu mbili. Si kwamba hajui mpira. Anaujua, nisimnyime haki yake. Akiwa mbele ya goli mpira humfuata miguuni kama paka anayejua nani ana samaki. Lakini alikuwa na miaka ishirini, hana timu, na kila kocha alimwambia maneno yaleyale: wewe ni mzuri, ila umechelewa.

"Klabu hazinunui mtu," mjomba akatuelimisha, amejimwaga kwenye kochi letu, miguu juu ya stuli. "Zinanunua miaka. Kijana wa ishirini ni ndizi iliyoiva, ukichelewa kidogo inaoza. Wa kumi na sita ni ndizi mbichi. Na ndizi mbichi ndiyo inayosafirishwa."

"Kwa hiyo utamfanya awe mbichi tena?" nikamuuliza.

"Wewe cheka tu. Kuna umri wa mama na kuna umri wa mpira. Wa mama ni wenu huko nyumbani. Mimi nashughulika na wa mpira."

Alishughulika vipi, na nani, sikuuliza. Muda si mrefu kaka akaenda kujaribiwa kwenye timu ya vijana ya klabu kubwa ya mjini akiwa na kumi na sita, ndevu kanyoa mara mbili asubuhi ile, shingo imejaa vipele vya wembe. Nilikwenda kutazama. Kocha wa vijana, mtu mzima mwenye filimbi na shahada ya michezo, alisimama pembeni ya uwanja akamwona mwanamume akiwapita watoto wa shule kama mtu anayepita katikati ya kuku. Kaka akawasukuma, akafunga, akawasukuma tena, akafunga tena. Kocha akavua kofia. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kuona kipaji kama kile katika umri ule. Nilicheka mpaka mama mmoja aliyekaa karibu yangu akaniuliza kama naumwa.

Basi wakamchukua, na hapo ujinga ukaanza kuzaa ujinga.

Klabu ile ina taratibu nzuri, za watu wanaojali: kijana yeyote aliye chini ya miaka kumi na minane analala kwenye bweni la klabu, anakunywa maziwa asubuhi na jioni, na anakwenda shule. Kaka yangu shule alishamaliza, kwa taabu kubwa, tumekaa dawati moja, mimi nikimnong'oneza majibu. Sasa akarudishwa kidato cha pili. Akavaa sare, akakaa nyuma kabisa, magoti nje ya dawati, akafundishwa upya yaleyale aliyokwisha kuyasahau. Na bado hakuwa wa kwanza. Siku moja alinipigia simu kutoka chooni, katikati ya mtihani wa sayansi, kuniuliza sehemu za ua.

Alikuwa na mchumba pia, msichana mpole tuliyesoma naye. Mjomba akamwambia amsubiri kijana akue. Msichana akamtazama kaka, akamtazama mjomba, akaenda zake akaolewa na fundi wa friji. Sikumlaumu hata chembe.

Na mimi je? Hapo ndipo penye kidonda. Mtu unaweza kumpunguzia miaka ukamaliza, lakini pacha wake huwezi kumkunja ukamweka droo. Mjomba akaitisha kikao sebuleni, akatoa maagizo kama waziri. Picha zetu za utotoni zishuke ukutani, zote, kwa sababu katika kila picha tulikuwa wawili, tumevalishwa nguo za kitambaa kimoja, tumepangwa sambamba kama viatu. Mimi, kuanzia siku ile, ni dada mkubwa. Kaka ataniamkia shikamoo mbele za watu. Na mama aache kuitikia jina lake.

Hilo la mwisho lilinishtua. Mama tangu atuzae haitwi kitu kingine ila Mama Pacha. Majirani wanamwita hivyo, muuza mboga anamwita hivyo, na baba naye, alipokuwa hai, alimwita hivyo akitaka chai. Jina lake la kuzaliwa sidhani kama kuna mtu mtaani anayelijua. Na hili la Mama Pacha alilipenda. Alikuwa na simulizi ya siku tuliyozaliwa, akimsimulia kila mgeni atakayekaa vya kutosha, jinsi mkunga alivyosema "pole mama, tumemaliza," akageuka, kisha akasema "ngoja kwanza," na hapo ndipo nikatoka mimi. Ngoja Kwanza ndilo lilikuwa jina langu la utani nilipokuwa mdogo. Akilitaja, mama alikuwa ananivuta sikio akicheka.

"Kuanzia leo wewe ni Mama Kinda," mjomba akamwambia. Kinda ndilo jina ambalo watangazaji wa redio walikuwa wamempa kaka.

"Sawa," mama akasema.

Hivyohivyo tu, sawa. Kwa ajili ya huyo mtoto wake wa kiume angeitikia hata Mama Kuku.

Mwaka uliofuata Kinda akapandishwa timu ya wakubwa. Mechi yake ya kwanza aliingizwa mwishoni, timu imebanwa, uwanja mzima umenuna. Kona ikapigwa, kipa akautema mpira, ukamgonga kaka kiunoni alipokuwa anageuka kumlalamikia refa, ukaingia wavuni. Sisemi kwa chuki, tafuteni video muione. Yeye mwenyewe alijua kafunga alipoona wenzake wanamkimbilia. Mji ukarukwa na akili. Mtangazaji wa redio alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akasema kijana huyu ana ukomavu usiolingana na umri wake. Huyo ndiye mtu pekee katika habari hii yote aliyesema ukweli, na alisema bila kujua.

Wimbi lile lilinifuata hadi kazini. Nabandika majina na namba kwenye jezi, kwenye karakana ndogo nyuma ya duka la vifaa vya michezo: meza ndefu, mikasi, marundo ya jezi zinazonuka plastiki mpya, na mashine ya kubandikia, ambayo ni kama pasi kubwa yenye taya. Unapanga herufi, unahakikisha hazijapinda, unafunika karatasi, unashusha mkono wa mashine, unasubiri, unainua. Ukibandua karatasi kabla ya wakati herufi inang'oka nayo. Miezi ile nilibandika KINDA kwenye migongo ya jezi mpaka nikawa naliona neno lile nikifumba macho. Herufi zile tano zikawa zinaisha, na za wachezaji wengine zimejaa vumbi.

Bosi wangu, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia watu upande wa pili wa barabara, aliwatangazia wateja wote kwamba anayebandika ni dada yake Kinda mwenyewe. Wakawa wananyoosha shingo kuniangalia.

"Lakini mmefanana!" mteja mmoja akasema. "Utadhani mapacha."

"Watu husema," nikamjibu, nikashusha mkono wa mashine.

Halafu wakaja watu wa televisheni nyumbani. Mjomba alikuwa amevaa suti na miwani ambayo macho yake hayakuihitaji. Pale ukutani zilipokuwa picha zetu pamebaki miraba ya rangi safi, akaifunika kwa bendera ya klabu. Mwandishi, dada mmoja mchangamfu, akaketi karibu na mama, akamwomba asimulie siku alipomzaa Kinda.

Nilikuwa naleta chai. Nikasimama mlangoni na sinia.

Mama akaanza kama alivyoanza siku zote, na asubuhi ile, manyunyu, mkunga aliyekuwa na haraka. Sauti ileile, mikono inapunga vilevile. Akafika pale mkunga aliposema pole mama, tumemaliza. Nilimwona akiitafuta sehemu inayofuata, midomo imeshajipanga kuitamka. Kisha akasema, "Basi. Tukawa tumemaliza."

Nimetukanwa mara nyingi maishani na yote nimeyala nikayasaga. Lakini siku ile nilisikia nikifutwa na mdomo wa aliyenizaa, ili mtu acheze mpira, na roho iliniuma. Kisha maumivu yakageuka kinyaa. Mjomba nilikuwa nimeshamzoea. Sikudhani nitamwonea kinyaa mama yangu.

"Na wewe dada," mwandishi akanigeukia, "ulikuwa na kama miaka minne hivi. Unakumbuka chochote?"

"Nakumbuka kila kitu," nikasema. "Nilikuwepo."

Mjomba akapaliwa. Kaka, aliyekaa katikati ya kochi kidevu kinang'aa kama sahani, akanitupia jicho la kuomba. "Dada anapenda utani," akamwambia mwandishi. Neno dada lilikuwa limeshamkaa mdomoni, linamtoka laini. Tulipokuwa wawili tu bado aliniita Pacha. Ilikuwa imebaki hiyo.

Sasa, familia nzima ilikuwa inaishi kwa kuuogopa mdomo wangu. Mjomba alikuwa akiniona tu anaanza kunichekea, ananiletea makava ya simu ambayo sikuyaomba. Alijua habari ikitoka, kaka anafungiwa mpira, klabu inanyang'anywa pointi za kila mechi aliyocheza, na yeye mjomba anakwenda kujieleza mbele ya watu wasiopenda maelezo. Wote walinikodolea macho mimi. Hakuna aliyewaza kumwangalia Kinda mwenyewe.

Kocha mkuu wa timu ya wakubwa watu wanamwita Taratibu, kwa kuwa hakuna jambo analolifanya kwa namna nyingine. Huyu simtukani, ingawa natamani. Zamani aliwahi kupata kijana wa miaka kumi na saba, wa kweli, akamchezesha kila mechi mpaka goti likafa. Kijana yule siku hizi anachana tiketi getini, anachechemea, na Taratibu humpita pale kila siku ya mechi. Aliapa hatavunja mtoto mwingine. Kwa hiyo Kinda akicheza leo, mechi inayofuata anapumzishwa. Akichezewa vibaya anatolewa, anafunikwa sweta. Akilalamika, kocha anamwekea mkono kichwani.

"Ngoja kwanza," anamwambia. "Mwili wako bado unakua. Wewe subiri, miaka minne mitano ijayo utakuwa moto wa kuotea mbali."

Miaka minne mitano ijayo! Mwili ule ulimaliza kukua zamani, siku moja na wangu. Miguu ilikuwa kwenye ubora wake wote, pumzi tele, jicho kali, na wao wamemweka kabatini kama vyombo vya wageni. Uongo uliomwingiza mlangoni ndio uliomkalisha kwenye benchi. Siku akija nyumbani mapumziko anazunguka sebule kama mtu aliyepoteza funguo.

"Nazeekea benchi, Pacha," akaniambia. "Hao wakija kuona nimekua, magoti yatakuwa yameisha."

"Kanywe maziwa," nikamwambia.

"Mimi nasema kwa uchungu, wewe unanikejeli."

"Mlipokuwa mnashusha picha ukutani uchungu wako ulikuwa wapi? Ulishika ngazi, nakumbuka."

Akarudi kuzunguka sebule. Kwa kweli alishika ngazi.

Mechi ya mwisho ya msimu ndiyo iliyokuwa ya kuamua bingwa. Na katika wiki ile ile mjomba akaja mbio, jasho linamtoka mpaka kwenye tai, na habari: klabu moja ya ng'ambo inatuma watu wawili kumtazama Kinda. Hawana haja na mchezaji mwingine yeyote. Wanatazama mechi hiyo moja, kesho yake wanaondoka. Akicheza vizuri, anaondoka nao. Asipocheza, wana majina mengine kwenye safari yao, na huko wanakokwenda makinda hayajaisha. Kisha, kana kwamba dunia nzima inamfanyia mjomba kazi, straika wa kwanza wa timu akachanika msuli mazoezini. Nafasi ikawa wazi. Mjomba akanunua tai nyingine. Mama akashona gauni. Mimi nikaambiwa nije, nikae karibu na mama, nitabasamu, nisiongee.

Tukakaa viti vya familia, kivulini. Uwanja ulikuwa umejaa pomoni, na kila nikitupa jicho chini naona migongo ya jezi, KINDA, KINDA, kazi ya mikono yangu, na mbili tatu nilizozipanga kwa hasira herufi zimepinda. Wale wageni wawili walikaa safu ya mbele yetu, watu wa kawaida kabisa, mmoja anakula karanga.

Kikosi kikasomwa. Mbele akapangwa Mzee.

Mzee ni straika mkongwe wa timu, ambaye kwa umri wa mpira ana thelathini na mbili. Kwa umri wa mama sijui, ila mwanawe wa kwanza ana ndevu. Mashabiki wakaguna. Mgeni yule akaacha karanga, akamnong'oneza mwenzake. Mjomba akashika tai yake kwa mikono miwili kana kwamba inataka kuruka.

Hatukukaa sana. Bwana mmoja wa klabu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, akatupandia ngazi. "Familia ya Kinda? Kocha anawahitaji chini. Sasa hivi."

Chini, kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo, kulinuka dawa ya misuli na majasho ya miaka mingi. Sauti ya kaka niliisikia kabla hatujakunja kona. Alikuwa amesimama katikati ya ujia na jezi yake safi, mishipa ya shingo imemsimama, na mbele yake Taratibu, ametulia, mikono nyuma.

"Waulize! Hao wamekuja, waulize!" kaka akapiga kelele. "Mimi si mtoto! Nina miaka ishirini na miwili! Huyu si dada yangu mkubwa, huyu pacha wangu! Nipange nicheze!"

Mjomba akaegemea ukuta, akateremka nao polepole mpaka akachuchumaa.

Miaka miwili wananichunga mimi, wananibembeleza kwa makava ya simu, na aliyekuja kupasua jipu ni yeye mwenyewe, siku ya mechi, mbele ya kocha, eti apangwe. Hakufikiri kwamba kocha akimwamini tu, hachezi leo wala kesho wala milele. Mtu yule alifunga goli lake la kwanza kwa kiuno, na sasa nikaona ndicho anachofikiria nacho.

Lakini Taratibu alikuwa anatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyelea watoto wengi.

"Samahani kuwasumbua," akatuambia. "Kila kijana niliyemweka benchi ameniambia yeye ni mkubwa. Huyu peke yake ndiye aliyeniletea na pacha. Anasema mama aulizwe hata jina lake la mtaani. Sasa nimuulize, tumalize, nina mechi." Akamgeukia mama kwa adabu. "Mama, huko mtaani wanakuitaje?"

Kaka akamtazama mama. Na mimi nikamtazama. Sikupanga kutumaini chochote, lakini moyo hauombi ruhusa. Nilitaka aseme. Aseme tu, mara moja, pointi ziende na ubingwa uende, mjomba afungwe na tai yake.

"Mama Kinda," mama akasema.

Hakusita hata kidogo. Alilisema kwa fahari, ameinua kidevu, kama mtu anayejibu swali alilolisomea usiku kucha. Alidhani anamwokoa. Na kwa namna yake alikuwa anamwokoa, maskini, huku akimzika.

"Mama!" kaka akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, ya kitoto kweli.

"Na wewe dada?" Taratibu akaniuliza.

Kaka akanigeukia. Ana macho yangu, yaleyale, na paji langu, na vipele vya wembe ambavyo namshukuru Mungu sina. "Pacha," akasema. "Pacha, mwambie."

Mbele za watu. Mara ya kwanza tangu picha zishuke ukutani. Miaka miwili nimeitikia shikamoo ya mtu aliyenitangulia kuzaliwa, nimeambiwa na televisheni kwamba sikuwepo, nimebandika jina lake migongoni mwa mji mzima. Leo amekwama, ndipo nikawa pacha. Kesho akitoka benchi nitakuwa dada tena. Nilimdharau kiasi kwamba nilitamani kumkumbatia, maana mtu mjinga namna ile ana nani mwingine? Nikisema ndiyo, amekwisha. Nikisema hapana, atakaa kwenye benchi, lakini atabaki mchezaji. Wote walikuwa wamenipa kazi hii ya ukubwa bila kuniuliza. Basi nikaifanya.

"Msamehe, kocha," nikasema. "Huyu mdogo wangu tangu utoto yuko hivyo. Akinyimwa kitu anasema lolote."

Taratibu akacheka kwa moyo mkunjufu. Akamwekea kaka mkono kichwani, akazisugua nywele zake. "Ngoja kwanza, Kinda," akasema. "Wakati wako unakuja."

Mzee akafunga kwa kichwa, kipindi cha pili. Alipoanguka baada ya kufunga ilibidi wenzake wawili wamnyanyue. Tukawa mabingwa. Wale wageni walikuwa wameondoka kabla ya goli, maganda ya karanga yamebaki chini ya viti vyao. Kinda aliitazama mechi yote akiwa na sweta.

Baada ya kombe kuinuliwa familia zikaruhusiwa kushuka uwanjani. Watu wanakumbatiana, wanapiga picha, wanamwagiana maji. Mjomba alishapata nguvu, anamweleza mtu fulani kwamba kijana bado ana muda mwingi mbele yake. Kaka akaja nilipo, jezi yake kavu, haina hata jani la uwanja. Taratibu alikuwa nyuma yake, mkono begani pake, kama baba.

"Umeniua, Pacha," kaka akaninong'oneza.

"Anasema nini tena?" kocha akauliza.

"Hajaniamkia," nikasema. "Tangu asubuhi."

"Ah, Kinda! Hata kama umekasirika, dada yako ni dada yako. Mwamkie."

Kaka akanitazama. Akamtazama mama, aliyekuwa amesimama pembeni na gauni lake jipya, anatusubiri, anatabasamu, hajaelewa hata kidogo. Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikamwambia. "Haya, kua haraka."